Kuwatambua ndege waimbaji wa Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili kwa anayeanza

Alfajiri, saa kumi na mbili na nusu hivi, kabla bodaboda hazijaanza kupiga honi, simama pembeni mwa mashamba ya Uyole jijini Mbeya na ufumbe macho kwa dakika tano. Wa kwanza atapiga kelele za furaha kutoka juu ya mparachichi. Wa pili yuko chini, ndani ya ua, anaanza polepole kama mtu anayejaribu sauti. Wa tatu anatoa mlio mkavu, kama kokoto mbili zinazogonganishwa mkononi. Hujafumbua macho bado, na tayari una ndege watatu: shore, kurumbiza, na yule mdogo mwenye kichwa cheusi anayependa kukaa juu ya nguzo za uzio.

Nimeanza na macho yaliyofumbwa kwa makusudi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitoka na vijana na walimu kutazama ndege, na kosa ninalolikuta kila mara ni moja: mtu akimwona ndege anakimbilia rangi. "Ni wa njano!" Kisha anafungua kitabu, anakuta kurasa nzima za ndege wa njano, anakata tamaa. Huku kwetu rangi inadanganya kuliko kwingine. Asubuhi kuna ukungu, jua likitoka linampiga ndege kwa nyuma na kumfanya kivuli, majike wa aina nyingi wanafanana, na madume wengine huvua rangi zao mvua zikiisha. Kwa hiyo mwongozo huu unaiweka rangi mwisho. Mbele yake kuna mahali, kazi anayoifanya, umbo na sauti.

Neno moja kuhusu hao "waimbaji". Kundi hili lina karibu nusu ya aina zote za ndege duniani. Wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, na kiungo cha sauti kilichokaa pale koo la hewa linapogawanyika kuingia mapafuni, chenye misuli midogo mingi inayowawezesha kujifunza nyimbo. Kunguru ni mmoja wao, ingawa sauti yake haimpendezi kila mtu. Njiwa, hondohondo na kekeo hawamo, hata kama wanasikika kutwa.

Majina ya Kiswahili ya ndege hutofautiana kati ya sehemu na sehemu, na jina moja hubeba aina nyingi. Pale ambapo kuchanganya ni rahisi nimeweka jina la kisayansi, kwa sababu ndilo utakalolikuta katika kitabu chochote. Na wazee wa kijiji unachokitembelea waulize wao wanamwitaje ndege huyo. Majina ya Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena na Kikinga mara nyingi yanaiga sauti ya ndege mwenyewe, na hilo peke yake ni msaada mkubwa.

Hatua ya kwanza: wajue sita wa nyumbani

Usianze na msitu. Msituni ndege wako juu, kuna giza, shingo inauma, na mgeni anarudi hajamwona hata mmoja vizuri. Anza na ndege sita wa uani na barabarani, uwajue kiasi cha kuwatambua kwa kuchungulia tu dirishani. Ipe kazi hii mwezi mzima.

Shore, Pycnonotus tricolor, ndiye rula yako. Kichwa cheusi chenye kishungi kifupi, mgongo wa kahawia, na doa la njano chini ya mkia. Ukiliona doa hilo, kazi imekwisha. Urefu wake ni kama sentimita 20, na kuanzia leo kila ndege mpya utampima kwake: ni mkubwa kuliko shore au mdogo? Ukiongeza shomoro kwa upande wa wadogo na kunguru kwa upande wa wakubwa, una vipimo vitatu ambavyo huwezi kuvisahau nyumbani.

Kurumbiza wako wawili, na tofauti yao ni somo zuri la kwanza. Wote wana nyusi nyeupe, koo la rangi ya chungwa na mkia wenye chungwa pembeni. Wa nyanda za baridi, Cossypha caffra, ana chungwa kooni na kidarini tu, halafu tumbo ni kijivu. Mwenzake, Cossypha heuglini, ni wa chungwa kuanzia koo hadi chini ya mkia, na kichwa chake ni cheusi zaidi. Usitazame nyusi, maana wote wanazo. Tazama tumbo. Kadiri unavyopanda ndivyo wa tumbo la kijivu anavyokuwa mwenyeji, na mwenzake huyo wa pili hupenda vichaka vya chini penye joto kidogo.

Mbwigu anakaa wazi juu ya waya au kigingi, mweusi juu, mweupe chini, mdomo wenye ncha iliyopinda kama ndoano. Huwatundika panzi na mijusi kwenye miiba, kama nyama buchani. Mtazame kwa makini usoni. Huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Mbeya, yupo mwenye nyusi nyeupe, Lanius marwitzi. Jina lake vitabuni limetokana na Uhehe. Wataalamu wengine humhesabu kuwa aina kamili, wengine humwona ni tawi la mbwigu wa kaskazini. Kwako jambo ni moja: andika kama umeziona nyusi au hukuziona.

Watatu waliobaki nitawapitia kwa kifupi. Ndege mweusi na mweupe anayetembea barazani huku mkia ukipanda na kushuka ni Motacilla aguimp. Ukimkuta wa umbo hilo hilo juu ya mawe ya kijito cha mlimani, mwenye mgongo wa kijivu na mkia mrefu zaidi, huyo ni ndugu yake, Motacilla clara. Yule wa mlio wa kokoto ni Saxicola torquatus. Dume ana kichwa cheusi, doa jeupe shingoni na kidari chenye wekundu wa kutu, na hakosi juu ya uzio au bua la mahindi lililokauka. Wa mwisho ni kwera wa nyanda za juu, Ploceus baglafecht, wa njano, mwenye jicho la njano, ambaye nitamrudia.

Vifaa

Darubini nzuri kwa anayeanza ni ya 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usinunue ya kukuza mara 20 kwa kudhani utaona zaidi. Mkono ukitetemeka kidogo tu ndege anarukaruka ndani ya kioo. Kama huna darubini bado, nenda hivyo hivyo. Masikio hayauzwi dukani. Chukua daftari dogo, penseli (kalamu ya wino huharibika kwenye mvua), sweta, na viatu visivyoingiza maji. Vaa rangi za majani na udongo.

Zoezi la darubini ambalo wengi hulikwepa: mtazame ndege kwa macho matupu, usimwachie, kisha ilete darubini machoni bila kuinamisha kichwa. Fanya hivyo mara 30 ukiwa uani kwa kulenga maua ya mti. Ukienda hifadhi ya Kitulo bila zoezi hili, ndege watakuwa wameshaondoka kabla hujawapata kwenye kioo.

Hatua ya pili: maswali kwa mpangilio

Ukimpata ndege, jiulize kwa mpangilio huu, na usivuke swali moja kabla ya kulijibu.

Yuko wapi? Andika mwinuko kama simu yako inaonyesha, kisha mazingira: uwanda wa nyasi, kichaka cha bondeni, ukingo wa msitu, ndani ya msitu, shamba la misonobari, bustani. Kisha yuko juu kiasi gani: ardhini, usawa wa kiuno, katikati ya mti, kileleni. Swali hili pekee huondoa robo tatu ya kitabu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini ni kama 1,600, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo uko kwenye 2,600. Bonde la Usangu liko chini, karibu mita 1,000. Ndege anayeishi Usangu mara nyingi haishi Kitulo, ingawa kutoka kingo za juu unaweza kuliona bonde lenyewe. Kwa mfano, kwenzi wa kijivu kitupu, Lamprotornis unicolor, ni wa nyanda kavu za Ruaha na Usangu. Ukidhani umemwona juu ya Rungwe, rudi uangalie tena.

Anafanya nini? Kuna anayeruka kutoka kijitini, akanasa mdudu hewani, akarudi kijiti kile kile. Kuna anayepekua majani makavu chini. Kuna anayening'inia kwenye ua. Kuna wanaosafiri kikundi wakiitana bila kukoma, kama wale wadogo wa kijani na njano wenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambao hupita mti mmoja hadi mwingine kama watoto wanaotoka shule.

Umbo lake likoje? Mdomo ndio uutazame kwanza. Mfupi, mnene, wa pembetatu: mla mbegu, yaani chiriku, kwera, shomoro na jamaa zao. Mrefu, mwembamba, uliopinda: chozi. Mwembamba na mnyoofu: mla wadudu. Wenye ndoano: mbwigu na ndugu zake. Baada ya mdomo, mkia: mfupi au mrefu, wa kupanuka au wa panda, unasimama au unalala.

Sauti ina sehemu yake hapo chini. Baada yake ndipo inakuja rangi, na hapo usiandike "wa njano". Andika sehemu kwa sehemu: utosi, nyusi, koo, kidari, tumbo, kiuno juu ya mkia, ncha za mkia, jicho, miguu. "Utosi mweusi, jicho jekundu, kidari njano" ni maelezo yanayotosha kumpa mtu jibu hata miaka miwili baadaye.

Andika yote kabla ya kufungua kitabu au simu. Hili nalisisitiza kuliko lolote. Ukishaiona picha, kumbukumbu yako itaanza kuifuata picha, na ndege uliyemwona kweli atapotea.

Hatua ya tatu: masikio

Katika misitu ya Ngosi, Rungwe au Mufindi, utasikia ndege kumi kabla ya kumwona mmoja. Atakayekataa kujifunza sauti atafunga safari ya bure.

Anza kwa kusimama. Dakika kumi mahali pamoja, bila mazungumzo. Ndege waliokunyamazia ulipofika watarudi kwenye shughuli zao. Kisha chagua sauti moja tu katika zile nyingi, uifuate kama unavyoifuata sauti ya ndugu yako kanisani wakati wa kwaya. Je, inapanda au inashuka? Inarudia kipande kile kile au inabadilika? Ni safi kama filimbi, au ina mikwaruzo? Kuna mapumziko ya sekunde ngapi?

Halafu itafsiri kwa maneno yako, kwa lugha uliyokulia. Usitumie maneno ya kitabu, kwa sababu aliyeyaandika alisikia kwa masikio ya lugha yake. Kijana mmoja wa Tukuyu niliyetembea naye alizipa sauti zote maneno ya Kinyakyusa, na baada ya miezi mitatu alikuwa ananitangulia.

Mifano michache. Kurumbiza mwenye chungwa mwili mzima huanza chini sana, karibu hasikiki, akirudia kipande kimoja huku akiongeza nguvu hadi anajaza bonde lote. Mara nyingi dume na jike huimba pamoja, na wewe ukadhani ni mmoja. Msituni, Laniarius fuelleborni, ndege mweusi mzima anayejificha vichakani, naye huimba kwa kujibizana: mmoja anatoa mluzi, mwenzake anajibu papo hapo. Ukisikia wimbo wenye pande mbili, tafuta ndege wawili. Jina fuelleborni, ukitaka kujua, linatokana na Friedrich Fülleborn, daktari Mjerumani aliyekusanya wanyama na ndege katika nyanda hizi mwishoni mwa karne ya 19. Utalikuta tena kwenye Macronyx fuelleborni wa nyasi na kwenye chozi wa msituni, Cinnyris fuelleborni.

Sauti ninayoipenda kuliko zote ni ya Cisticola nigriloris. Ni ndege mdogo wa kahawia mwenye weusi mbele ya jicho, anayekaa kwenye vichaka na mabua ya kingo za msitu. Wawili au watatu husimama pamoja na kupiga mlio wa kukwaruza, kama toroli ambalo gurudumu lake halijawahi kutiwa grisi. Makao yake ni nyanda zetu hizi pamoja na vipande vya milima vya Malawi na Zambia vinavyopakana nasi. Mtu wa Arusha au Moshi hawezi kumsikia kwao.

Jihadhari na wadanganyifu. Kurumbiza huiga sauti za ndege wengine, kwa hiyo usiandike ndege adimu kwa kusikia mara moja ndani ya ua. Na wapo ambao si waimbaji kwa hesabu ya wataalamu lakini sauti zao zimetawala. Mvua zinapokaribia, Oktoba na Novemba, utasikia sauti tatu zinazoshuka kama mtu anayeteremka ngazi, zikirudiwa kutwa nzima. Ni kekeo mwenye kidari chekundu, Cuculus solitarius. Mama mmoja muuza viazi pale Isyonje aliniambia yeye hupanga siku za kutayarisha shamba kwa kumsikiliza huyo. Na kekeo huyu ana uhusiano na somo letu: hutaga mayai yake katika viota vya kurumbiza na wenzake. Ukimwona kurumbiza akimlisha kinda mwenye madoa aliyemzidi ukubwa, sasa unajua.

Rekodi kwa simu. Sekunde 30 zinatosha, na mwanzoni mwa rekodi taja kwa sauti tarehe, mahali na ulichokiona.

Hatua ya nne: makundi yanayosumbua

Kwera wa njano. Usihangaike na manyoya, tazama jicho na kiota. Kundi kubwa lenye kelele, viota vingi vikining'inia kwenye mti mmoja, madume wenye kichwa cheusi na jicho jekundu: ni Ploceus cucullatus. Wawili tu, jicho la njano, kiota kimoja peke yake bustanini: huyo ndiye baglafecht wa nyanda za juu. Wawili, mstari mweusi unaopita kwenye jicho kama mguu wa miwani, na kiota chenye mrija mrefu unaoning'inia kuelekea chini: Ploceus ocularis. Kiota kinabaki pale hata mwenyewe akiwa ameondoka, kwa hiyo kichunguze kwa mbali, lakini usikiguse.

Chozi. Hapa ndipo nilipokosea vibaya mwaka wangu wa kwanza, na niliwapa wenzangu taarifa isiyo sahihi. Chozi mkubwa wa nyanda za juu, Nectarinia famosa, dume wake wakati wa kuzaliana ni kijani cha kung'aa mwili mzima, na manyoya mawili ya katikati ya mkia ni marefu. Humkuti mbali na yale maua ya chungwa yanayosimama kama mienge kwenye majani ya Kitulo na pembezoni mwa Njombe. Msimu ukipita, dume huyo huvua kijani na kubaki kahawia yenye viraka vya kung'aa hapa na pale. Mimi nilimwandika kama aina nyingine kabisa. Ukikuta chozi wa viraka, tazama ukubwa wake na wale anaokaa nao kabla ya kumpa jina jipya. Majike wa chozi waachie mwaka wa pili, isipokuwa yuko na dume wake.

Fumbwe na kweche. Kati ya Desemba na Aprili madume ni rahisi, miezi mingine wote ni kahawia yenye michirizi. Kitulo na nyasi za jirani zina fumbwe wake, Euplectes psammacromius, mweusi mwenye mkia mrefu na bega la njano lenye ukingo hafifu chini yake. Hupatikana nyanda hizi na uwanda wa Nyika, upande wa Malawi na Zambia. Akiwa mweusi lakini mkia mfupi, na kiuno kizima kimewaka njano anaporuka, ni kweche, Euplectes capensis.

Chiriku wa michirizi. Wawili hukaa jirani. Crithagra whytii ana nyusi na uso wenye unjano. Crithagra melanochroa ana uso mtupu usio na nyusi, michirizi mizito kidarini, na mdomo mnene kuliko kawaida. Huyu wa pili hapatikani popote duniani isipokuwa milima ya kusini mwa Tanzania, na jina lake la vitabuni linatokana na milima ya Kipengere. Mgeni kutoka Ulaya hulipa fedha nyingi kuja kumwona. Wewe unaweza kumpita ukienda shamba.

Vidogo vya kahawia kwenye nyasi, jamaa ya Cisticola, ndio wengi wanaowakatisha tamaa watu. Shauri langu: usiwatambue kwa macho kabisa mwanzoni. Jifunze milio mitatu na tabia moja. Yule anayepanda angani juu sana na kupiga mbawa zikitoa sauti ya kudata ni Cisticola ayresii. Wa toroli umeshamjua. Na yupo anayeitwa Cisticola njombe, ambaye jina linaonyesha kwao. Wengine waandike "wa kahawia, nyasi" na uendelee na safari.

Hatua ya tano: wapi, na lini

Ndani ya jiji la Mbeya, miteremko ya Loleza asubuhi inatosha kwa mwezi wa kwanza. Iringa, panda hadi jiwe la Gangilonga mapema kabla watu hawajawa wengi. Vichaka vya kuzunguka mawe vina chozi na kurumbiza.

Ukizoea, nenda Ngosi. Njia inaanzia upande wa barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu na kupanda ndani ya msitu hadi ukingo wa ziwa la kreta. Usifanye haraka kufika ziwani. Ndege wako njiani, hasa pale msitu unapopokeana na mashamba, kwa sababu mwanga upo na chakula cha aina mbili kinakutana.

Kitulo ni darasa lingine. Hifadhi hii ya taifa, kilomita za mraba 412 na ushee, ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Unafika kwa Isyonje, au kwa kupanda kutoka Chimala kupitia kona za Hamsini na Saba hadi Matamba. Kiingilio hulipwa TANAPA. Nenda kati ya Desemba na Machi maua yakiwa mengi, ujiandae kwa matope. Juni na Julai kuna baridi kali na ndege wachache wamevaa rangi.

Pale uwandani tafuta vitu viwili. Kwanza Macronyx fuelleborni: koo la njano lenye mkufu mweusi, na akiruka utaona weupe kwenye pembe za mkia. Pili, na kwa hili nenda ukiwa umetulia, mbayuwayu wa bluu, Hirundo atrocaerulea. Kati ya Septemba na Aprili yupo akizaliana, kisha huenda ukanda wa Ziwa Victoria. Wakati huo huo mbayuwayu wa kawaida kutoka Ulaya wamejaa, hivyo hakikisha: mgeni ana koo jekundu la kutu na tumbo jeupe, wa kwetu ni bluu iliyokoza juu na chini, na dume ana nyuzi ndefu mkiani. Hujenga kiota chini ya ardhi, ndani ya mashimo kama yale yanayochimbwa na muhanga. Kila uwanda wa nyasi unaogeuzwa shamba la misonobari au viazi unampunguzia makazi, na amekuwa adimu katika nchi zote anazozaliana. Ukimwona akiingia shimoni, rudi nyuma taratibu, usipige picha ukiwa karibu.

Misitu ya Mufindi na kingo za Udzungwa iwe ya mwisho. Humo yumo Sheppardia lowei, ndege mdogo wa kahawia na chungwa hafifu wa sakafu ya msitu, aliyepewa jina la Iringa vitabuni na asiyepatikana nje ya Tanzania. Misitu hiyo bado inafundisha wataalamu. Chozi wa mbawa nyekundu wa Udzungwa alielezwa kisayansi mwaka 1983 tu. Kwale wa Udzungwa aligunduliwa 1991, baada ya watafiti kutoka Denmark kuona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria yao ya chakula. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote.

Hatua ya sita: kumbukumbu, simu na adabu

Kwa kila matembezi andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, hali ya hewa, na idadi ya kila aina, hata ya shore. Namba za ndege wa kawaida ndizo zitakazoonyesha mabadiliko miaka ijayo. Unaweza kuziingiza eBird, tovuti ya kukusanya taarifa za ndege, na Atlasi ya Ndege wa Tanzania nayo imejengwa kwa taarifa za watu kama wewe, walioandika walichoona, wapi na lini.

Programu ya simu iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, husikiliza sauti na kupendekeza jina. Ni ya bure. Pakua kifurushi cha ndege ukiwa mjini kwenye mtandao. Lakini haizijui sauti za ndege wetu wote, na kurumbiza anayeiga huidanganya kama anavyokudanganya wewe. Ichukue kama maoni ya rafiki, kisha umtafute ndege kwa macho.

Usipige rekodi ya sauti kumwita ndege wakati wa kuzaliana. Dume huacha kiota kuja kupigana na adui asiyekuwepo. Usikate matawi ili upate picha. Ukipita kwenye shamba la mtu, piga hodi, salimia, eleza shida yako. Huku kwetu "shikamoo" imefungua njia nyingi kuliko kibali. Ukikutana na watoto wenye manati, wape darubini watazame kwanza. Wakishamwona chozi kwa karibu maswali yao hayaishi, na mara nyingi wao ndio wanaojua kiota kiko wapi.

Na kwa ndege uliyeshindwa kumtambua, andika maelezo yote, acha nafasi tupu mahali pa jina, weka na jina la faili la rekodi yako. Rudi pale pale wiki inayofuata, saa ile ile. Ndege wengi hukaa eneo moja msimu mzima, na mara ya pili utakuwa unajua sehemu gani ya mwili hukuitazama.